Nguzo Juu ya Mawe

Nitajie anayekukinga mvua kila siku, kisha akitetemeka mara moja tu anakuzika. Usihangaike: ni nyumba ya matofali. Ndiyo iliyomfukia mume wa Inaq Senun tetemeko lilipokipiga kisiwa cha Lombok, Indonesia. Tangu hapo mama huyo hulala uani kwenye berugak, kibanda cha kupumzikia, ambacho siku ile hakikudondosha hata unyasi.

Mwanawe Sahnan akajenga upya kwa kukiiga kibanda hicho: nguzo za mbao juu ya mawe, kuta za mianzi.

“We Sahnan, hiyo nyumba au banda la kuku?” jirani akamcheka.

Jioni Sahnan akaingia humo na mtoto wake mchanga, akaita kutoka mlangoni. “Mama, utalala nasi leo?”

Mama akaweka mto wake kwenye berugak.

Mara ardhi ikanguruma. Inaq Senun akakumbatia nguzo ya berugak, macho kwenye mlango wa nyumba mpya. “Sahnan! Mtoto!”

Nyumba ikalia kwi, kwi, ikayumba huku na kule, nguzo zikicheza juu ya mawe. Kisha ikatulia. Ndani, mtoto akapiga chafya.

Mama akashuka kutoka kwenye berugak, mto kwapani.

“Nalala nanyi,” akasema. “Ila mlango usifungwe.”