Foleni ya Kushikana Mikono

Asubuhi ile programu mpya ya foleni ilipowashwa katika zahanati ya macho, wagonjwa walioketi kwenye benchi walishikana mikono na hawakuweza kuachana. Nesi mwenye trei ya dawa aliwaomba wainue viwiko kidogo apite.

Binti aliyeiandika programu hakushangaa. Ndivyo alivyoitunga: foleni ni klasi, yaani kiolezo cha programu, kila mgonjwa ni pingili ya mnyororo, na pingili haijui lolote ila nani anayeifuata. Kompyuta yenyewe ilimjua wa kwanza tu. Wengine walifikiwa kwa kushikwa na aliye mbele yao. Asiyeshikwa na mtu huhesabiwa taka, mfagiaji humzoa.

Mama yake mzazi alikuwa mkiani, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho.

"Mwanangu, mbona hatusogei?"

"Tutasogea, mama."

Tatizo ni kwamba mkuu wa zahanati alikuwa ameagiza iwepo amri ya kupachika mtu mbele kabisa. "Kwa dharura tu, binti yangu." Binti aliiandika bila ubishi, katika foleni ya namna ile hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Dharura ya kwanza ikawa shemeji wa mkuu, aliyetaka miwani ya jua. Ya pili, fundi wake wa magari. Mwenye nguvu mpishe. Kila alipopachikwa mtu, benchi lilijirefusha lenyewe na kurudi nyuma, hata mkia ukatoka mlangoni, ukapita bomba la maji, ukafika getini.

Alasiri, mzee aliyeketi mbele ya mama alichoka kungoja, akafa. Mikono yake ikalegea. Mfagiaji akafika na ufagio wake, mtu mstaarabu, akavua kofia.

"Samahani, dada. Huyu mama kashikwa na nani?"

Binti alitoa kompyuta yake mkobani. Amri ile ile ya mkuu ingemfaa. Alichoka hata kuona aibu.

"Mama, nikupachike mbele?"

"Mbele ya watu wote hawa? Nikishapona nitawatazama kwa uso gani?"

Binti akaifunga kompyuta. Akamsaidia mfagiaji kumwinua marehemu, akaketi mahali pake, akapokea mkono wa mwashi aliyekuwa mbele, akaushika wa mama yake. Ulikuwa wa baridi, akausugua. Mfagiaji akavaa kofia, akaenda zake na mzee.

Mkuu alichungulia dirishani, akapaza sauti hadi getini. "Binti yangu, sasa mitambo ataiangalia nani?"

"Niko foleni, mkuu."

"Haya, pole." Akarudi ndani, akabofya mwenyewe kwenye kompyuta ya zahanati, amri ilikuwa rahisi mno.

Benchi likatikisika, likarudi nyuma nafasi moja, hadi nje ya geti.

"Tumesogea?" mama aliuliza.

"Tumesogea, mama."