Kicheko Kilichohifadhiwa kwa Majivu

Majivu yalitangulia. Thadei alipopitisha ncha ya wembe kwenye mshono wa ile plastiki nyeusi, ikaachia kama ganda la karanga, na kabla hatujaona kilichomo yakamwagika majivu laini juu ya gazeti alilotandika mezani. Akaweka wembe chini. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Nyanjige, hii diski ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye kibuyu cha mbegu."

"Na majivu?"

"Mbegu utaiwekaje bila majivu?"

Mjukuu wangu Kija, aliyekaa kando yangu na simu mkononi, akaguna kuzuia kicheko. Thadei hakucheka. Alichukua brashi ndogo, akayakusanya yale majivu taratibu, akayakunjia kwenye kipande cha gazeti na kunikabidhi. Sijui kwa nini hakuyatupa. Labda kwao Bukoba nako kuna majivu yasiyotupwa ovyo. Niliyapakata mpaka kazi ikaisha.

"Yamekunywa unyevu, ndiyo maana haina ukungu," alisema. "Hapo umeiokoa. Lakini majivu yanakwangua, mama. Na kilichoandikwa humu kimeandikwa kwenye kutu. Ni kutu tu, imepakwa juu ya plastiki nyembamba. Ikibanduka, imekwenda."

Kwenye kutu hiyo ndimo alimokuwa binti yangu.

Nyanjige alifanya kazi kwenye ofisi ya mradi wa pamba hapa Bariadi, miaka ile kompyuta ilikuwa na chumba chake na pazia lake, na watu wanavua viatu mlangoni kama wanaingia kumtazama mgonjwa. Wageni wa mradi walikuja na kidude chenye waya, ukikisogelea na kusema, mashine inaweka sauti yako na kukurudishia. Alirudi nyumbani Nkololo na habari hiyo akashindwa hata kula. Jumamosi moja akanichukua nikaione. Nilimbebea matobolwa, viazi vyetu vikavu vilivyochemshwa, nimeyafunga kwenye kanga. Nakumbuka ubaridi wa feni. Nakumbuka alinikalisha kwenye kiti kinachozunguka, nikashika meza kwa mikono miwili. Nakumbuka gauni lake la bluu. Basi, yaliyobaki yamefutika.

Homa ilipomchukua, Kija, mwanawe, alikuwa bado hajajua kukaa. Vitu vyake vya ofisini vililetwa kwenye boksi la sabuni: kanga, kitana, kikombe, na diski moja yenye kikaratasi alichokiandika mwenyewe, "Sauti". Mama mkwe wangu alipoambiwa ni kitu gani, akakirudisha boksini kwa ncha za vidole. Akasema kilichomeza sauti ya mtu kizikwe na mwenye sauti. La sivyo hatatulia. Atakuwa anaitwa, na hawezi kuitika.

Nikasema ndiyo, mayu, ndiyo mama. Kitana na kikombe vilienda kaburini. Diski niliitia kwenye kibuyu cha mbegu za mtama, nikaongeza majivu, nikaziba mdomo kwa samadi mbichi kama tunavyoziba mbegu tusiyotaka iguswe mpaka mvua. Mvua ikaja, nyingine ikaja. Kile kibuyu sikukifungua. Lakini kila msimu nilipohamisha vibuyu, kile kilijibu. Kibati kidogo cha diski kilikuwa kinateleza huko ndani, tik, halafu kimya. Mimi si mtu wa kuogopaogopa, nimeshafukuza fisi kwa mwiko. Ila sikuwahi kukigeuza kile kibuyu bila kusema, "Tulia, mama. Tulia."

Kija alikua akiuliza. Hakuuliza sura, picha zilikuwepo. Aliuliza, "Bibi, mama alikuwa anaongeaje?" Nami nikawa namwigizia. Namwigizia anavyoita ng'ombe, anavyogombana na jogoo, anavyocheka, maana Nyanjige kicheko chake kilianzia chini kabisa, unakisikia kinapanda kama maji kwenye mtungi. Kija alilala na hiyo sauti, akaamka nayo, akaenda nayo shule. Akawa nesi, akaolewa, na bado akija kunitembelea ataniambia, "Hebu mama."

Hadi mwaka juzi. Nilikuwa napepeta choroko, nikamwigizia kama kawaida, na Masele, mume wake, akapita na ndoo ya maji.

"Bibi, unamweza mke wangu! Hivyo hivyo, kama namsikia."

Wakacheka wote wawili. Mimi ungo ulinisimamia mikononi. Nikajaribu tena kimoyomoyo, nikamtafuta Nyanjige kooni mwangu, na kila nilipomfikia alikuwa Kija. Nilikuwa nimempoteza, na sikujua ni tangu lini. Nilikuwa nachukua sauti ya mtoto na kumrudishia mtoto mwenyewe, naye anapokea kwa furaha kama urithi.

Na masikio yangu yanafunga. La kushoto lilishakwenda, la kulia linafuata. Wote waliowahi kukaa naye jikoni wameshatangulia. Likifunga na hili moja, hata sauti ikipatikana hakutakuwa na mtu duniani wa kusema huyu ndiye, au siye. Kesho yake asubuhi nilikivunja kile kibuyu kwa mchi.

Kija ndiye aliyeuliza mjini mpaka akaelekezwa kwa Thadei, mwalimu mstaafu, mgeni wa huku asiyerudi kwao. Mradi wa pamba ulipofungwa na vitu vya ofisi kunadiwa, watu waligombania viti na mabati. Yeye alinunua kompyuta, akazifunika kwa vitenge. Mtaani wanamwita daktari wa mizoga. Mama muuza maandazi nje ya nyumba yake alipotuona tunaingia na kifurushi, akapaza sauti kutuamkia:

"Mwangaluka, mayu! Leo mnampelekea maiti gani?"

"Binti yangu," nikamjibu.

Alishika mdomo kwa mkono wenye unga.

Basi Thadei akalitoa lile duara jembamba, la rangi ya kahawia, laini kuliko nilivyodhani. Akaliosha kwa spiriti na pamba, upande huu, upande huu, akigusa kama mtu anayemfuta mtoto mchanga machoni. Pamba ikawa inatoka nyeusi, halafu kijivu, halafu na rangi ya kutu, na hapo akaacha mara moja. Akalivalisha ganda jingine safi. Akalisukuma kwenye kisomeo cha zamani kilichokuwa wazi, bila mfuniko, kimefungwa waya kwenye kibao kidogo cha saketi na kutoka hapo kwenye laptop.

"Sitafungua kilichomo," alisema. "Nikianza kufungua, inakwenda mbele na kurudi nyuma, inajikwaruza. Nachukua nakala ya diski nzima kama ilivyo, duara kwa duara, palipoandikwa na patupu. Tukiwa na hiyo nakala, hata yenyewe ikifa, tuna pa kuanzia. Ila ikipita vizuri ni mara moja. Ya pili siahidi."

Kija akaniangalia. Nilimwona mama yake machoni, sikumsikia.

"Zungusha," nikasema.

Ikanguruma. Ikakwaruza kama panya ndani ya kihenge. Kwenye kioo cha laptop vikaanza kujipanga visanduku vya kijani, kimoja, kingine, kama mtu anapanda mistari ya karanga. Nikaanza kupumua. Halafu kikaja chekundu. Na kingine. Sauti ya kisomeo ikabadilika, ikawa inarudia palepale, krr, krr, krr.

"Inafanya nini?"

"Inajaribu tena."

"Inakwangua?"

Thadei alibonyeza kitu, ikaruka pale, ikaendelea na kijani mpaka mwisho. Alipoitoa ile diski kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa kama njia ya konokono. Kutu ilikuwa imebanduka.

"Nakala tunayo," alisema. "Pale pekundu patakuwa kimya. Kuna watu wangejaza kitu hapo ili isikike vizuri. Mimi sijazi."

Akaitoa sauti ndani ya ile nakala, akaigeuza ichezwe na laptop. Tukasogea. Ikatoka sauti nzito, ya polepole, sauti ya mtu mwenye udongo mdomoni, inavuta neno moja hadi unasahau lilivyoanza. Si ya mwanamke. Sijui kama ilikuwa ya mtu. Kija aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka nje. Nikamsikia yule mama wa maandazi akimuuliza kulikoni.

Mimi nilibaki. Nilisema, "Siye." Lakini mikono yangu ilikuwa imeufinya ule mkunjo wa gazeti mpaka majivu yakanitoka kati ya vidole. Nilisema siye, na sikuwa na hakika. Nilimwona mama mkwe wangu na vidole vyake. Atakuwa anaitwa, na hawezi kuitika. Je, kama ndivyo wanavyokuwa? Kama tumemwita, na huku ndiko kuitika kwake?

"Laptop haijui mwendo aliorekodiwa nao," Thadei alisema kwa upole, akiizima. "Nyanjige hakuandika mwendo, kwa sababu mashine yake ilikuwa inaujua. Naweza kukisia, lakini nikikosea kidogo tu nitawapa mwanamke mwingine, na hamtajua. Afadhali niirudishe nakala yote kwenye diski nyingine nzima, tuipe mashine ile ile ya ofisini kwake. Iliyomsikia ndiyo imseme."

Nikamwita Kija arudi.

Kitenge kilipoondolewa, niliifahamu. Nene, rangi ya meno ya mzee, na pembeni bado ina alama ya moto wa mshumaa, siku umeme ulipokatika na Nyanjige, kama alivyonisimulia, akaendelea kuisafisha gizani. Thadei akaandika ile nakala kwenye diski aliyoitoa kwenye pakiti, ikachukua muda, kisomeo kikikohoa. Akaitia kwenye mashine. Ikawaka, chumba kikanuka vumbi la moto. Kija alisimama mlangoni, mguu mmoja nje, simu ameinua kurekodi. Mimi nikageuza sikio la kulia.

Kwanza mvumo. Feni. Ile feni! Ubaridi wake ukanipanda mikononi. Halafu mwanamke anatafuna, anasema huku anatafuna, kwa Kisukuma:

"Sasa niseme nini?"

Nikadhani ni mama yangu mzazi. Sauti yake kabisa, kavu, yenye ubishi, naye alikufa hata kabla ya Nyanjige kuzaliwa. Ameingiaje humu?

Ndipo ikaja nyingine, nyepesi, ya karibu, imeinamia kile kidude:

"Chochote, mayu. Ila acha kutafuna kwanza, inakusikia."

Na yule mwanamke wa matobolwa akajibu:

"Na isikie. Kwani imelima, hata nimeze haraka kwa ajili yake?"

Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa mle kwenye majivu miaka yote hiyo, kijana, mdomo umejaa, nikibishana na mashine.

Nyanjige akaanza kucheka. Kikaanzia chini, kikaanza kupanda, na nikakijua. Sikuhitaji kufikiri. Hakikuwa cha Kija, kilikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni ambao nilikuwa nimeusahau kabisa, kama mlango unaogusa sakafu. Nikainua mkono kumwambia Thadei ndiye, ndiye huyu, na pale pale kikakatika. Pekundu. Patupu pale alipotuahidi. Mashine ikawa kimya katikati ya kicheko cha mwanangu.

Lakini chumba hakikuwa kimya. Kija alikuwa anacheka mlangoni, kwa lile neno langu la kulima, machozi yanamtoka, mkono umeshikilia simu. Alicheka mpaka mashine ikavuka shimo lake na Nyanjige akarudi upande wa pili, anamalizia, pumzi imemwishia:

"…yaani wewe, mayu."

Kisha tik. Ikaisha.

Thadei aliizima mashine akabaki amegeukia ukuta, anakunja kitenge ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Nilimshukuru. Nje nilimrudishia yule mama wa maandazi salamu yake, naye akatufungia maandazi bila kuuliza neno.

Diski zote mbili ninazo, ya zamani na mpya, kwenye mkoba wa kitambaa, bila majivu. Ile nakala Thadei aliiweka mahali pengi, anasema haitapotea tena. Ina shimo lake, nimeisikia mara moja kwenye laptop baada ya yeye kuupata mwendo: kicheko, kimya, kicheko.

Ya kwenye simu ya Kija haina shimo.

Alikuja wiki iliyopita, tukakaa jikoni nikamwekea matobolwa. Akaicheza, simu ameigusisha kwenye sikio langu la kulia. Kikaanzia chini, kikapanda, kikaenda moja kwa moja mpaka mwisho bila kukatika popote. Nilijitahidi kusikia pale panapounganika. Nikautafuta ule mkwaruzo wa mlango.

"Bibi," akasema, "hapa katikati ni mama, au ni mimi?"

Nikaacha kutafuna.

"Rudia," nikamwambia.