Unga wa Kutengulia Kiapo

Juzi vijana wa Ukoo walimkata Jesca mkono kwa panga wakimnyang'anya simu, palepale kwenye genge lake la nyanya. Huo Ukoo si wa damu. Ni kundi la watoto wa hapahapa Kiwalani, wanachanjana mkononi, wanalambana damu, na aliyeingia haruhusiwi kutoka. Chale hiyo nimeiona kwa mjukuu wangu Albano. Na majirani wameshasema wazi, safari ijayo hawaiti polisi, wananunua petroli.

Ndiyo maana mchana nikafunga unga wa mtama kwenye pindo la khanga, nikaenda kwenye pagale lao. Kwetu Newala aliyekuapisha akiupuliza unga mwenyewe, kiapo kimekwisha.

Niliwakuta wamekaa juu ya matofali, simu inapiga singeli. Wakaizima. Mkubwa wao, Lusungu, namjua tangu anatambaa. Akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimemfuata Albano."

"Na hapo umefunga nini?"

"Unga. Wa kutengulia kiapo chake."

Mmoja akacheka. "Oya, bibi katuletea ugali. Mboga iko wapi sasa?"

"Mboga kamwombe mama yako, Brightson. Wiki nzima anakutafuta."

Wakamcheka yeye. Lusungu hakucheka. Alikinga kiganja, nikamimina, akaupuliza wote bila kufundishwa. Kumbe na kwao wanajua.

"Mchukue, bibi. Kwa heshima yako. Hakuna wa kumgusa."

Nilipiga magoti nikamshukuru, mtoto wa juzi yule. Kisha nikamshika Albano mkono. "Twende nyumbani, mume wangu."

Akautoa mkono taratibu, kama anaogopa kuniumiza. Siku zote huniita mke wangu, ndio utani wetu.

"Bibi," akasema, "nani kakwambia nimefungwa?"

"Si kile kiapo chenu, baba?"

"Kiapo mambo ya kitoto tu. Mie nipo hapa kwa kutaka. Nikipita na hawa, watu wananipisha njia. Kabla ya hapo nilikuwaga nani? Mbeba matenga sokoni Mabibo."

"Jesca amekubeba mgongoni, Albano."

Akaangalia chini, nikadhani nimempata. Halafu akaniinua, akanikung'uta vumbi la magotini kwa kiganja chake.

"Nenda ukapumzike, bibi. Jua kali hili."

Akarudi kwenye tofali lake, fulana yake nyekundu imeloa jasho mgongoni. Singeli ikaendelea.

Sikwenda kupumzika. Nilikwenda kwa mjumbe wetu, Mzee Nurdin, nikamkuta barazani.

"Wapo kwenye pagale," nikamwambia. "Waite polisi sasa hivi, wafike kabla ya watu."

"Nani na nani, mama?"

Nikaanza na wa kwangu. Albano, jina la marehemu babu yake. Mzee Nurdin akabaki ameishika simu, haibonyezi.

"Una hakika? Kesi ya panga ni miaka mingi jela."

"Nina hakika. Akitoka nitakuwa sipo, lakini atatoka. Piga, Mzee Nurdin. Uwaambie yule mwenye fulana nyekundu ana pumu, wasimkabe shingo."