Maziwa ya Fahima

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa Machi mwaka 2023, saa tatu asubuhi, mbele ya mlango wa zahanati uliofungwa kufuli. Mke wangu Bridgit alikuwa na siku tisa tangu amzae Tevin. Homa imempanda, damu haikatiki. Muuguzi tuliye naye ni mmoja, na siku hiyo alikuwa ameitwa uwanjani pamoja na walimu na wazee wa mtaa, wakapange mistari wamshangilie mheshimiwa aliyekuja kuzindua tangi la maji. Nilimlaza Bridgit barazani, kwenye kivuli, nikampigia dereva wa ambulensi. Akaniambia ambulensi imo kwenye msafara. Hadi nilipopata gari la kutupeleka Malindi, Bridgit alikuwa haniitikii tena. Tangi lile lipo mpaka leo. Maji yake sijayaona.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kumjua wa kulaumiwa hakuhitaji shule. Wakubwa hao wanajijua. Sitawajaza humu, maana nataka kuandika habari za mtu mwingine.

Mtu huyo ni Fahima, jirani yangu, ukuta kwa ukuta, nje kidogo ya Mambrui. Mimi ni Mluo, nilikuja Pwani kuchonga mawe ya kujengea kwenye timbo. Yeye ni mwenyeji wa tangu na tangu. Anakaa na mumewe Omar, fundi wa pikipiki, na mama yake, Bi Kibibi. Wakati ule alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Shukri.

Niliporudi na habari ya msiba, Tevin alikuwa amelia kwa njaa mpaka sauti imekauka. Binti yangu Phoebe, miaka saba, alikuwa amempakata akimtilia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko. Fahima akaingia bila hodi, mama yake nyuma yake. Akamchukua mtoto, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akatupa pindo la leso begani, akamnyonyesha. Kilio kikakatika papo hapo. Ndipo akainua uso akamwambia mama yake, "Mwambie Omar nimeshampa. Akiwa na neno, aje aseme."

Omar alikuja na mikono yake imejaa grisi, akasimama mlangoni.

"Neno gani?" akasema. "Huyo ni wetu sasa."

Mimi nilidhani ni maneno ya kunipoza tu.

Nilipompeleka Bridgit kwetu Siaya kumzika, Tevin alibaki kwa Fahima. Niliporudi sikumdai, naye hakunirudishia. Wiki mbili baada ya msiba Ramadhani ikaingia. Fahima hakufunga. Alikula mchana, tena kwa aibu, amejificha jikoni, ili maziwa ya watoto wawili yasikauke. Baadaye, mwezi umeshapita na watu wote wanakunywa chai yao asubuhi, yeye akazilipa siku zile moja moja, peke yake, huku anawafulia watoto nguo. Sikumsikia akilalamika. Mimi ningelalamika mpaka Kilifi wanisikie.

Nimemtazama miaka mitatu. Nilimtazama kama mtu anayetafuta kosa, kwa sababu nimezoea watu wanaoahidi. Akimenya chungwa, vipande vya Shukri na vya Tevin ni sawasawa, na wakimwaga uji wote wawili wanapata kofi la mgongo, wala la Tevin si jepesi. Alimfundisha kusema shikamoo kabla hajajua kusema ng'ombe. Phoebe naye, Fahima ndiye aliyemsuka kila Jumamosi, maana mimi mara ya kwanza nilipojaribu kumsuka, mwalimu alimuuliza kama amepigana. Na dini yetu hakuigusa. Jumapili yeye ndiye anayenigongea dirisha.

"Baba Phoebe! Kanisa litakufuata kitandani? Shati la Tevin hili hapa, nishalipiga pasi."

Sasa mkubwa gani amewahi kunigongea dirisha kwa jambo la heri?

Kosa langu lilitokea Idi ya mwaka huu. Tulialikwa pilau kwa kina Fahima, wageni wamejaa mkekani. Tevin na Shukri walikuwa wanang'ang'ania mfupa mmoja. Nikacheka, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Bi Kibibi, huyu Shukri mnitunzie vizuri! Huyu ndiye mke wa Tevin, mahari yake naanza kuichongea mawe kesho!"

Kwetu huo ni utani wa kumpa jirani heshima. Hapo mikono yote ikasimama sahanini. Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah."

Bi Kibibi akafuta vidole vyake taratibu. "Odera, mwanangu, hao wamenyonya mama mmoja. Ni ndugu, kama wewe na dada yako. Hawaoani mpaka kiama."

"Lakini yalikuwa maziwa tu, mama."

"Maziwa tu?" Fahima alidakia kutoka jikoni. "Kwani wewe ulidhani nilikuwa nakuazima sukari?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikainamia sahani yangu kwa haya. Lakini nilipofika nyumbani niliketi kitandani nikatoa machozi, na hayakuwa ya haya. Miaka mitatu mtoto wangu alikuwa na mama, na ndugu, na bibi, na mimi baba yake ndiye sikujua. Hakuna karani aliyeandika, hakuna chifu aliyegonga muhuri. Mwanamke aliketi juu ya ndoo, basi, ikawa.

Likizo ya Aprili dada yangu Pamela akaja kutoka Siaya, na mabegi mawili matupu. Nilipoyaona tu nilijua ni ya nini.

"Nimekuja kuwachukua watoto," alisema kabla hata hajavua viatu. "Wewe unashinda timboni. Watoto wetu hawalelewi na majirani, Odera. Watu watasema hatuna kwetu."

Nikaenda nikawaita Fahima, mumewe na Bi Kibibi, nikamweleza Pamela kama nilivyoelezwa mimi. Pamela akacheka mpaka akashika mbavu.

"Maziwa! Hata ng'ombe anatupa maziwa. Mbona mimi si ndugu wa ndama?"

Bi Kibibi hakukasirika. "Ng'ombe tunamkamua, mwanangu. Fahima hakukamuliwa. Alitoa."

Wakati huo Tevin akaja mbio kutoka uani, goti limechubuka. Akampita Pamela, akanipita mimi, akaenda kujibwaga mapajani mwa Fahima. "Mama, Shukri amenisukuma!" Fahima akalipulizia goti. "Nawe ulimfanyaje kwanza? Sema kweli." Mtoto akajificha kwenye leso.

Pamela aliwatazama. Dada yangu ana mdomo mkali, lakini macho yake huona. Akalichukua begi moja, akalikunja mara mbili, akalikalia.

"Sawa," alisema. "Huyu simng'oi hapa. Lakini msichana nakwenda naye. Ana miaka kumi, anahitaji mwanamke wa kwao wa kumwambia mambo. Yeye hakunyonya hapa. Au naye alinyonya?"

Nilimtazama Omar mlangoni, naye akawa anatazama grisi ya kucha zake. Nilitaka kusema kitu, kwamba Fahima ndiye anayemsuka, kwamba ndiye aliyemnunulia sare ya shule kabla mimi sijakumbuka. Lakini katika sheria ile niliyofundishwa siku ya Idi sikusikia habari za nywele wala za sare.

Phoebe alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, anasugua sufuria kwa majivu. Nilisahau kwamba yupo. Mtoto yule tangu siku ya kijiko cha maji ya sukari hajawahi kunisumbua kwa lolote, na ndiyo sababu tunamsahau. Akaiweka sufuria chini. Akaja akasimama mbele ya Fahima, mikono yake myeusi ameiweka nyuma asimchafue.

"Mama Shukri," akasema. "Tevin ni wako kwa maziwa. Mimi nilinyonya kwa mama peke yake, na mama hayupo. Sasa mimi ni wa nani?"