Ma Placidia kwenye Tanbihi

Kauthar alikuwa anapunguza Sura ya Tatu juu ya kaunta ya duka la baba yake, Bugene, kompyuta ikiwa imebanwa kati ya miche ya sabuni na mizani ya sukari. Ilikuwa Jumamosi. Msimamizi wake, Dakta Mutalemwa, alikuwa amerudisha tasnifu ya uzamili ikiwa na maoni mekundu pembeni. Moja lilisema: "Mshiriki huyu si mjane kwa fasili yetu. Hana cheti cha ndoa. Mwondoe."

Tasnifu ilihusu sonona kwa wajane wa Karagwe na Kyerwa. Mshiriki mwenyewe alikuwa Placidia wa Chonyonyo, aliyeishi na marehemu Ainebyona tangu usichana wake, akamuuguza, akamzika. Kauthar alimwondoa, akahifadhi, akaendelea na maoni yaliyofuata, ambayo yalihusu mikato na nukta.

Jumatatu asubuhi Placidia akaingia dukani, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Afadhali wewe unaniona." Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Umenitoa wapi, mwanangu?"

Mzee Mansoor, baba yake Kauthar, alinyoosha mkono kuchukua kiberiti kwenye rafu. Mkono ukapita katikati ya kifua cha Placidia na kurudi na kiberiti. Placidia akasogea kidogo kumpisha.

"Mwanzo nilidhani ni dharau," alisema. "Shemeji yangu Projest hajaitikia salamu yangu tangu tuanue matanga. Nikasema haya, sasa kijiji kizima kimemwiga. Lakini jana kanisani hata kapu la sadaka lilinipita. Hapo nikajua si dharau."

Kauthar alifungua Sura ya Tatu, akatazama pale alipomfuta. Akampigia simu msimamizi.

"Hutokea," Dakta Mutalemwa alisema. "Vigezo vikikazwa, watu hupungua. Kwenye uzamivu wangu nilipoteza wawili."

"Walirudi?"

"Nilihitimu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko viti vya ofisi yake, na kazi ya kila mmoja aliisoma mpaka mwisho.

"Nikibadili fasili, Dakta? Niandike kwamba mjane ni mwanamke aliyefiwa na mwanamume aliyeishi naye kama mume?"

"Utarudi kwenye pendekezo la utafiti. Ukitoka hapo, kamati ya maadili. Una mwaka?"

Hakuwa nao. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inakwisha, na chuo kilikuwa kimeshasema hakitamwongezea muda tena. Tasnifu ilitakiwa Ijumaa.

"Basi mtafutie pengine," Dakta alisema kwa upole. "Mahali pasipohitaji fasili."

Kauthar alianza na ukurasa wa shukrani. Alipoandika jina la Placidia, sauti yake ikasikika hata kwa wengine.

"Nani huyo?" Mzee Mansoor aliuliza bila kugeuka.

"Mimi Placidia, wa Chonyonyo."

"Karibu, mama. Tukupe nini?"

Kisha akamweka kwenye tanbihi, chini kabisa ya ukurasa, na miguu ikaonekana kwa wote. Mzee Mansoor aliitazama ile miguu iliyopasuka visigino, akasema imetoka mbali, ipewe kiti. Kwenye mapendekezo ya tafiti zijazo akapata kivuli, kilicholala mbele ya miguu kama cha mtu ambaye bado yuko njiani. Zaidi ya hapo kazi haikukubali. Kila Kauthar alipomwingiza kwenye matokeo, hesabu ziligoma, naye akaishia kufuta tena.

Alasiri walipanda bodaboda pamoja hadi Chonyonyo. Projest, mdogo wake Ainebyona, walimkuta anapanda mulamula, ule mti wa mpaka, mstari mmoja kutoka barabarani hadi mbele ya mlango wa Placidia. Nyumba ilibaki upande mmoja, migomba yote upande wa pili.

"Shemeji," ile sauti ikamwita.

Projest akatazama chini, akaona miguu. "Naona leo umekuja robo. Cheti umekuja nacho?"

"Nilimzika ndugu yako."

"Kuzika hata majirani walizika." Akashindilia udongo kwa kisigino. "Na nimesikia hata chuo kikuu kimepita hapa, hakikukuta mjane."

Kauthar alitaka kumjibu. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yameandikwa kinyume chake katika Sura ya Tatu, kwa mkono wake mwenyewe.

Aliketi kizingitini, kompyuta mapajani, miguu ya Placidia ikiwa kando yake. Akajaribu ikisiri, ilikuwa imejaa. Akajaribu kiambatisho, na kwa muda bega moja likaonekana, likapotea. Akalirudisha. Likapotea tena. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba na chaji ilikuwa inakwisha.

"Mikono je?" Placidia aliuliza.

"Bado, Ma. Leo imeshindikana. Kesho naanza na mikono."

"Basi njoo mapema," sauti ikasema. "Kahawa imeiva, inangoja kuchumwa, na upande huu wa mpaka nimebakiwa na mibuni mitatu."