Mikono Juu Salamabila

Albertine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, pale Salamabila, asubuhi ya Jumanne, moto haujawashwa bado, moshi ulipoanza kutoka jikoni. Ulikuwa wa kijivu, unanuka kama misumari iliyochomwa. Aliinua sufuria tupu, akatazama chini yake, akairudisha. Kisha moshi ukatoka kwenye mtungi wa maji, na ndani kwenye godoro. Binti yake Darlène, mwenye miaka minne, akaanza kukohoa.

Ng'ambo ya barabara, kiwanda kipya cha kuchoma mchanga wa dhahabu kilikuwa kinanguruma. Bomba lake la moshi lilikuwa safi, hata uzi mmoja wa moshi haukuonekana. Kibali chake cha hewa kilikuwa kimesainiwa Jumatatu.

Mchana ulipofika, mtaa mzima ulikuwa unafuka, isipokuwa nyumba ya Mahamudu, fundi wa pikipiki. Watu walikuja kusimama mlangoni pake wakajaribu kuvuta pumzi. Pumzi ikaingia vizuri. Ndipo wakaanza kumchukia. Walisema amekula na kiwanda. Wakakumbuka kwamba babu yake alimpikia mzungu wa pamba, zama zile za mashamba ya lazima, wengine walipokuwa wanachapwa fimbo, na wakasema damu haipotei. Albertine yeye hakusema pembeni. Aliingia.

"Baba Sifa," alimwita Mahamudu kwa jina la mtoto wake, "walikupatia nini?"

"Hawakunipatia kitu. Hata siku ya ile mukutano ya kiwanda, nilikuwa naziba tairi ya mutu. Nilifika mumeshasema amina."

Albertine hakumwamini. Mtu ambaye jibu lake liko tayari, alilitarajia swali. Alfajiri alimbeba Darlène, akapanda pikipiki hadi Kasongo, ambako ofisi iliyoitwa Biro ya Hewa ilikuwa inatoa vibali vya moshi, hata kwa moshi wa Kabambare, upande wa Salamabila.

Ofisa alikuwa kijana mpole, jina lake Placide. Alimpa mtoto biskuti. Alieleza kwamba kiwanda hakijavunja kitu.

"Kibali inapima mudomo ya bomba tu, mama. Pale moshi haiko. Ile yenye inabakia, wanagawana raia wenye walikubali."

Albertine akauliza ni nani aliyekubali. Placide akafungua kabati, akatoa picha kubwa, ya rangi. Ilikuwa ya ule mkutano wa kiwanda, chini ya hangari, lile banda lisilo na kuta. Watu wote walikuwa wameinua mikono, na yeye Albertine mstari wa mbele, mkono juu kuliko wote.

Aliikumbuka siku hiyo. Mkutano ulifunguliwa kwa sala, kama kila mkutano unavyofunguliwa kwao, hata ule wa mbuzi aliyeibwa. Mchungaji aliomba, Wakristo wakanyoosha mikono. Imamu akafuata, Waislamu wakainua viganja. Mpiga picha wa kiwanda alikuwa amepanda juu ya kiti. Baada ya amina watu waliteta mpaka jua likazama, walikikataa kile kiwanda kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, mama mmoja hata alivua kiatu. Lakini saa ile mashine ya picha ilikuwa imesharudi mfukoni.

"Tulikuwa tunaomba Mungu," alisema.

"Picha haina sauti, mama."

Alimwomba basi amshushie mkono wake. Placide hakuwa mtu mbaya. Aliweka kidole juu ya picha, akaukandamiza ule mkono taratibu. Ukashuka mpaka begani. Alipoondoa kidole, ukapanda tena kama tawi lililoachiliwa. Alisema mikono yote inafanya vile. Inakubali kushuka siku ya kufanya upya kibali, baada ya miaka mitano.

Albertine aliporudi Salamabila hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mahamudu. Hakuomba msamaha, na Mahamudu hakuudai.

"Mutoto atalala hapa," alisema Albertine.

Mahamudu akasogeza matairi. Juma lile wazazi wengine nao wakaleta wa kwao, hata wale waliotema mate mbele ya mlango wake. Watoto walilala katikati ya minyororo na vibati vya oili, na kikohozi kikawatoka. Wakubwa walibaki kila mmoja kwenye moshi wake.

Habari haikai mahali pamoja. Mpiga picha alifika na kreti ya sukari, kama watu wa Maniema wanavyoita soda. Akasema anataka tu picha ya watoto wenye afya, kwa sababu kiwanda kinaomba bomba la pili. Mahamudu alimwambia atoke. Hakutoka. Mahamudu akasimama mlangoni, watoto nyuma yake, akainua spana juu ya kichwa, tayari kumpiga.

Mpiga picha akabonyeza, akamshukuru, akaenda zake. Kreti akaiacha.

Kibali cha bomba la pili kilisainiwa upesi. Asubuhi iliyofuata Albertine alikuja na uji wa mtoto, akakuta moshi unatoka polepole ndani ya matairi ya Mahamudu, wa kijivu, wenye harufu ile ile. Mahamudu alikuwa amekaa kwenye kizingiti anasafisha kabureta. Alisogea kidogo ili apite. Albertine alimfunga Darlène mgongoni, akavuka naye barabara, akarudi nyumbani. Moshi ulikuwa mmoja, lakini kwake kulikuwa na kitanda.