Uji wa Siku ya Wafu

Mama Melchora Yupa hakwenda hospitalini kula. Alikwenda kwa sababu damu ilikuwa ikimtoka kila aendapo haja kubwa, tangu wakati wa kuvuna shayiri, na akaificha mpaka siku aliyoshindwa kuvuka ua bila kushika ukuta. Binti yake Hortensia alimkuta ameinama na fungu la majani ya kulisha simbilisi mkononi, midomo imekuwa kama majivu. Akamfunga shali, akamshusha mjini.

Kwenye Hospitali ya Mtakatifu Remigio waliambiwa kwamba kamera ndogo yenye mkia mrefu itaingizwa utumboni, kwa njia ile ile damu inakotokea, ili ionekane inatoka wapi. Daktari mwenye kazi hiyo, Iturralde, alikuwa anatoka mji mkuu mara moja kwa mwezi, anapima, anaondoka. Atakayemkosa angoje mwezi mwingine. Hortensia alimtazama mama yake kitandani, akahesabu moyoni damu ya mwezi mzima, akaona haitoshi.

Basi masharti yakatolewa. Utumbo uwe mtupu, usafike kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nesi wa wodi ya wanawake, Maribel, msichana mwenye haraka lakini si mbaya, aliyaeleza huku akipanga dawa za wengine. Alisema Mama Melchora asile, anywe vitu vya majimaji tu. Kinachonyweka, sawa. Kinachotafunwa, hapana.

Kisha likaja jagi la dawa. Nani amewahi kunywa kitu kile akakisahau? Kina chumvi, kina utelezi, kinashuka kama mate ya mtu mwingine. Mama Melchora alikunywa. Alikunywa kikombe juu ya kikombe, macho kayaelekeza dirishani kwenye theluji ya mlima Chimborazo, kule kwao. Halafu tumbo likafunguka. Choo kilikuwa kimoja, mwisho wa ukumbi, na mlango wake haufungiki. Hortensia akawa anauegemea kwa mgongo ili mama yake astirike. Mama Melchora, ambaye hata marehemu mumewe hakuwahi kumwona akichuchumaa, alikwenda na kurudi mbele za watu na gauni la hospitali lililo wazi nyuma, akilishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukutani.

"Mama Melcho," alisema Carmela, jirani yake wa kitanda, mchuuzi wa sokoni aliyekatwa kibofu cha nyongo, "hamia huko huko bibi wee, sisi tutakuletea blanketi."

Mama Melchora alicheka, akilishika gauni nyuma.

Yote haya yalikuwa Siku ya Wafu. Ilikuwa mara ya kwanza asiketi chini kando ya kaburi la mumewe, Segundo, na kitambaa cha chakula kimetandazwa baina yao. Jambo hilo lilimuuma kuliko tumbo. Huko mlimani watu walikuwa wanakunywa kolada, ule uji wa zambarau wa mahindi meusi uliochemshwa na matunda na mdalasini, na wafu wanapewa fungu lao. Segundo je, anywe kwa nani?

Alasiri, kabla ya jagi la pili la dawa, Maribel akaingia akisukuma kigari chenye sufuria kubwa kutoka jikoni mwa hospitali. Wodi nzima ilinukia mdalasini. Kila kitanda kikombe cha kolada, kila kitanda mkate uliofinyangwa kama mtoto mchanga. Mkate, Mama Melchora aliurudisha. Alisema anashukuru, lakini huo unatafunwa. Kikombe akakishika, akakitazama, akauliza.

"Na hii je, mwanangu? Yangu mimi?"

"Si inanyweka?" alisema Maribel, keshafika kitanda cha pili. "Leo utawanyima wafu wako? Kunywa, mama. Mgonjwa haulizwi uji."

Akanywa. Nusu ya Segundo, nusu yake. Ilikuwa tamu hata akafumba macho. Kisha likaja jagi la pili, akalimaliza lote, mpaka tone la mwisho, kwa sababu aliambiwa alimalize.

Kulipokucha walimpeleka kwenye chumba cha kamera, wakampitishia dawa ya usingizi kwenye mshipa. Alipozinduka alikuwa kitandani kwake, na Hortensia amemshika mguu juu ya blanketi. Kipimo hakikufanyika, alimwambia. Kwa nini, hata yeye hakuambiwa.

Hawakungoja sana. Daktari Iturralde aliingia wodini akitokea chumba cha manesi, Maribel nyuma yake na sinia la sindano. Alikuwa kijana, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, kama mwalimu aliyemkamata mtoro.

"Mwanangu, umekula. Tumbo limejaa makapi, zambarau tupu, sikujua kama naona damu au naona nini. Mwanangu, ndivyo mlivyo ninyi watu wa mlimani. Mnaambiwa hili, mnafanya lile. Leo unaruhusiwa kwenda nyumbani. Urudi mwezi ujao, na safari ijayo ufuate maagizo."

Mwanangu. Kitindamimba wa Mama Melchora alikuwa na mvi, na huyu aliyemwita mwanangu, angezaliwa kwao, angekuwa bado anatumwa kuchota maji. Mwanamke wa kitanda cha mlangoni alijifanya analala.

Mama Melchora alikumbuka chumvi ya dawa, na gauni lililo wazi nyuma, na mkate aliourudisha ukiwa bado wa moto.

"Sikula," alisema.

"Kamera haisemi uongo, mwanangu."

"Wala mimi."

Akamtazama Maribel. Hakumtaja. Alimngoja tu, kama unavyomwachia mtu mlango wazi aingie mwenyewe. Maribel alitazama sinia. Alizipanga sindano zilizokwisha kupangwa, na mlango ule ukabaki wazi, hakuna aliyeingia.

Hapo ndipo macho ya Mama Melchora yaliporudi kwa daktari, yakatua mdomoni pake, yakakaa.

"Daktari," alisema taratibu, "futa masharubu."

"Nini?"

"Masharubu. Yana kolada."

Daktari alijipangusa kwa nyuma ya kiganja, akakitazama. Kilikuwa cha zambarau. Kolada iliyolala ndiyo tamu, na chumba cha manesi kilikuwa na sufuria yake tangu jana. Carmela aliguna kitandani kwake akijishika mshono, maana kucheka kulimuuma.

"Nilikunywa ile ile unayokunywa wewe," alisema Mama Melchora. "Niliambiwa kinachonyweka, ninywe. Nikauliza. Nikaambiwa kunywa. Mkate nikaurudisha. Sasa niambie nilikula nini."

Daktari aliuliza ni nani aliyempa. Carmela alielekeza mdomo tu kwa upande wa sinia. Maribel akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, kwamba aligawa kila kitanda kama kila mwaka, kwamba hakufikiri. Daktari akamgeukia, uso umeiva, akaanza kumwuliza kama anajua kazi yake.

"Usimhamie yeye," Mama Melchora alimkata. Alikuwa ameketi sasa, shali imemwanguka. "Yeye alinipa kikombe. Wewe umeniita mwongo mbele za watu. Kila mtu abebe chake. Na wewe umezaliwa nchi hii, unajua wiki hii kila nyumba ina sufuria ya kolada, mpaka nyumba yako. Ulishindwa kusema neno moja, kwamba msinywe ile? Mimi siondoki. Niitieni mapolisi wanibebe na kitanda. Mwezi ujao nitakuwa nimelala karibu na mume wangu, na huko utakuja kunipima na koleo."

Hortensia alianza kulia. Daktari alitazama saa, akatazama dirisha, akamtazama yule bibi aliyeshika kingo za kitanda kana kwamba kitang'olewa chini yake.

Alisema atalala mjini. Kesho asubuhi, bibi atakuwa wa kwanza kupimwa.

"Na wao?" alisema Mama Melchora, akiwaonyesha wanawake wa wodi. "Wao uliwaambia nimekula."

"Huyu bibi hakula," daktari aliwaambia, akitazama ukuta.

"Nina jina."

"Mama Melchora hakula. Kosa ni letu."

Jioni Maribel alileta jagi jipya mwenyewe, akamimina kikombe, akakishika kwa mikono miwili. Mama Melchora hakukipokea.

"Onja kwanza."

Maribel alionja. Uso ukamkunjamana wote, akafunika mdomo.

"Basi," alisema Mama Melchora, akakichukua. "Na leo hata maji nitakuuliza rangi yake."

Kamera ilipita vizuri. Ilikuta kinyama kimeota utumboni, kikivuja damu, na daktari akakikata humo humo. Alipokuja kumweleza alimwita Mama Melchora mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kilipochunguzwa kikaonekana hakijawa ugonjwa mbaya, lakini kingengojewa, alikiri, kingekuwa.

Walipopanda mlimani, Siku ya Wafu ilikwisha kupita na maua ya makaburini yamenyauka. Hortensia alikuwa amemwekea kolada kwenye chupa. Mama Melchora aliketi chini kando ya Segundo, akamimina fungu lake ardhini, akamwomba radhi kwa kuchelewa, kisha akaanza kumsimulia tangu mwanzo. Habari ya choo aliiruka. Alipofika pale alipoitwa mwanangu, sauti ikampanda tena, mpaka majirani waliokuwa wanaokota viazi shambani wakainua vichwa.